Kofia ya Ndani na Kofia ya Jua

Babu yangu wa Pangani alikuwa na msumari wake ukutani, kulia mwa mlango wa chumba, na msumari huo haukutundikwa kitu kingine ila kofia. Kanzu ilikuwa na kamba yake, bakora ilikuwa na pembe yake nyuma ya mlango. Usiku akitaka kulala aliivua kofia kwa mikono miwili, akaipuliza ndani mara moja, akaitundika. Alfajiri, kabla hajatoka chumbani, mkono wake ulikwenda kwanza kwenye msumari. Sisi wajukuu tulimwona kichwa wazi mara chache sana, na kila ilipotokea tuligeuza nyuso, tukaona haya kana kwamba tumemkuta anaoga.

Babu wa upande wa mama, wa Magila kule Muheza, naye alikuwa mtu wa kofia. Yake ilikuwa pama, kofia ya ukingo, ya kijivu yenye utepe mweusi, na mahali pake palikuwa kwenye kigingi cha barazani, nje ya mlango. Ndani haikuingia. Babu Magila alikuwa katekista mstaafu. Akirudi kutoka shambani aliivua pama angali kwenye ngazi, akapangusa jasho la paji la uso kwa leso, akaitundika, ndipo akabisha hodi katika nyumba yake mwenyewe.

Mama alisilimu alipoolewa, ndugu zake wakabaki Wakristo, na hakuna aliyemkatia mwenzake mguu. Kwa hiyo likizo zetu zilikuwa za zamu: Pangani mwezi huu, Muheza mwezi ule. Ukitokeza sebuleni Pangani kichwa wazi wakati babu ana wageni, ulirudishwa ndani ukavae kofia. Ukiingia sebuleni Magila na kofia, ulirudishwa nje ukaivue. Tulikuwa tunashuka kwenye basi lile la vumbi tukiwa tumeshika kofia mkononi, tukijikumbusha tumefika kwa babu yupi.

Nimeishi na swali hili, kofia ndani ivaliwe au ivuliwe, tangu utotoni, na kuna jambo lililompata baba ambalo limenifanya nisiweze tena kulinyamazia. Nitalifikia. Kwanza niiseme kofia yenyewe, kwa sababu wengi wanaoitolea amri hawajawahi kuitazama kwa karibu.

Kofia ya babu Pangani ilikuwa kofia ya viua, na aliyeishona ni bibi. Kofia ya mkono ina vipande viwili tu: duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa, kila kimoja kitambaa cheupe cha pamba cha tabaka mbili. Bibi alichora maua yake kwa penseli iliyochongwa kali. Kisha alitoboa kitundu kwa sindano nene, akashika sindano nyembamba na kukizungushia uzi pembezoni, tundu likabaki wazi na ukingo wake ukawa mgumu kama kifungo kidogo. Hicho ni kiua kimoja. Akahamia cha pili. Ukiishika kofia ya namna hiyo ukaielekeza dirishani, mwanga unapenya kwenye viua vyote kwa pamoja na ua zima linaonekana, na ndipo unapoelewa kuwa kila nukta ile ya mwanga imepitiwa na kidole cha mtu. Bibi alishona alasiri, uani, baada ya vyombo vya mchana. Jua likianza kuinama aliweka chini, maana alisema uzi mweupe kwenye kitambaa cheupe unakula macho. Kofia moja ilimchukua miezi.

Leo Kariakoo utapata kofia ya mashine kwa shilingi elfu chache, imeshonwa maua ya kila rangi, na mtu asiye na uwezo akiivaa kwa usafi amekamilika kabisa, sina neno naye. Ya mkono inaweza kufika laki na kupita. Anayeuliza kwa nini, hajawahi kumwona mwanamke akikifunga kiua cha mwisho.

Kuifua hakukuachiwa mtoto. Bibi aliiosha kwa sabuni ya kipande, akaisuuza maji matatu, akaitia wanga wa muhogo uliochemshwa mwepesi, halafu akaivisha kwenye faruma. Faruma ni gogo la mti lililochongwa kwa umbo la kichwa. Kofia iliyolowa huvishwa humo ikaukie isije ikarudi na kumbana mwenyewe. Ya kwetu ilikuwa imepauka kwa wanga wa miaka. Bibi alipitisha dole gumba kwenye mshono wa juu, polepole, akizunguka, akinyoosha kila kikunjo. Ilipokauka alimpelekea babu, na babu mwenyewe ndiye aliyeipa mbonyeo wa mbele. Mbonyeo ule ulikuwa saini yake. Ungemwona mbali, amegeuka, ukamjua kwa kofia.

Kofia hiyo ilikuwa na adabu zake, na hakuna aliyetukalisha kutufundisha. Ukisalimia mtu huivui. Unainamisha kichwa kidogo, mkono kifuani. Haiwekwi sakafuni, wala haitupwi kitandani. Hushiki kofia iliyo kichwani mwa mtu mzima, hata kwa mapenzi. Ugomvi wa vijana ulikuwa ugomvi wa vijana mpaka pale mmoja alipomwangusha mwenzake kofia; tangu hapo waliitwa wazee, ikatafutwa suluhu, ikaombwa radhi mbele za watu, maana mtu amevunjiwa heshima, si kofia iliyoanguka. Hata chooni kofia ilikwenda kichwani: kuingia msalani kichwa kikiwa kimefunikwa ni katika adabu wanazofundishwa watoto wa madhehebu ya Shafi, nayo ndiyo ya pwani yetu. Na kwenye maulidi, wakati wa kusimama ulipofika, kila mwanamume alipitisha mkono kichwani kuhakikisha imekaa sawa kabla hajafungua kinywa.

Nikiwa darasa la sita mwalimu wa Kiswahili aliniandikia chini ya insha kwa wino mwekundu: "Nakuvulia kofia." Nilikimbia nayo nyumbani. Babu hakuona vizuri, kwa hiyo nilimsomea. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kwa wasiwasi wa kweli, "Umemfanya nini mwalimu wa watu mpaka avue kofia?" Nilimweleza kuwa ni sifa. Hakuridhika. Kwake sifa ilikuwa jambo la kuvikwa. Mwalimu wa chuo akimhitimisha mwanafunzi hupewa ada ya kilemba. Binti akiposwa, baba yake ana kilemba chake katika mahari, kama mama alivyo na mkaja. Bwana harusi huvishwa joho na kilemba ndipo atolewe. Hata sifa ya uongo tunaiita kilemba cha ukoka, kile cha majani mabichi ambacho kufika jioni kimenyauka kichwani. Katika Kiswahili cha babu, ukimpenda mtu unamwongezea kitu kichwani. Usemi wa mwalimu wangu ulitoka katika nyumba nyingine, nyumba ya watu kama babu Magila, na umeingia katika lugha yetu umekaa vizuri. Mimi mwenyewe nautumia. Lakini kila nikiutumia namwona babu amekunja uso.

Sasa babu Magila. Kanisa la mawe la Magila Msalabani ni la zamani, kazi ya wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliofika huko karne ya 19, na babu alilipenda kama mtu anavyopenda nyumba aliyozaliwa. Pama ilivuliwa getini, kabla ya mlango. Aliishika kwa mkono wa kushoto, ukingo wake ukigusa kifua. Njiani akikutana na jeneza, la nani asijue, alisimama pembeni, akavua, akangoja hadi mtu wa mwisho apite. Akisalimiana na mwanamke mzima aliinyanyua kidogo. Nilimwuliza kwa nini kanisani kofia ni mwiko wakati Pangani ni lazima, akanifungulia waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, sura ya 11, mahali mtume anaposema mwanamume anayesali amefunika kichwa anakiaibisha kichwa chake. Alinisomea kwa sauti ya mtu anayeonyesha hati ya shamba.

Jumapili moja alikuja askofu, na nikaona mwenye kanisa anaingia amevaa kofia ndefu kuliko zote nilizowahi kuona. Nilimgusa babu ubavuni. Akaninong'oneza, "Subiri aanze kuomba." Nikasubiri. Ulipofika wakati wa sala, kijana mwenye kanzu nyeupe alisogea, akaiondoa mitra ile kichwani mwa askofu kwa mikono miwili, akarudi nayo nyuma akaishika kama mtu aliyebeba mtoto. Nywele za askofu zilikuwa zimelala. Alionekana mdogo ghafla, mzee wa kawaida. Sala ilipokwisha akavishwa tena. Siku hiyo nilielewa nusu ya jambo: kwa watu wa babu Magila, kichwa kilichovuliwa ndicho kinachosema "mimi si kitu mbele yako".

Nusu ya pili nilielewa nikiwa mtu mzima, na hapa ndipo penye hoja yangu.

Nilidhani muda wote kuwa Pangani na Magila zinagongana. Kisha siku moja, katika kukumbuka, nikaiona kofia nyingine ya babu Pangani. Kumbe alikuwa nayo! Kofia ya ukindu, pana, yenye ukingo, aliyokwenda nayo kwenye minazi. Ilikaa kwenye mti wa mwembe nje ya ua. Sikuwahi, hata siku moja, kuiona imevuka kizingiti. Babu Pangani aliivua kofia ya ukindu nje kama vile babu Magila alivyoivua pama. Kwa kofia yenye ukingo wazee wangu wawili walikuwa na sheria ileile.

Ukingo ndio unaoamua. Kofia yenye ukingo ni chombo cha kuzuia jua na mvua. Ukiingia ndani kazi yake imekwisha, unaiacha mlangoni kama unavyofunga mwavuli. Tena ukingo unatia kivuli machoni, na mtu anayezungumza nawe ana haki ya kuyaona macho yako. Kofia isiyo na ukingo haizuii jua wala haifichi uso. Ni vazi, sehemu ya kanzu, kama ukosi ulivyo sehemu ya shati. Nyumba nyingi zinazoamrisha "vua kofia" zilikopa amri hiyo kutoka Ulaya, ambako kofia ya mwanamume kwa karne kadhaa ilikuwa ya ukingo, na amri ikaja peke yake bila kofia iliyokusudiwa.

Kanisani ni habari nyingine, nakiri. Pale ni andiko, na hata kile kikofia kidogo cha askofu Mkatoliki, kisicho na ukingo wowote, huvuliwa kwenye sala kuu ya misa. Mimi nikiingia Msalabani kwa harusi au msiba wa upande wa mama, naivua kofia yangu ya viua, naikunja, naitia mfukoni. Sijapungukiwa kitu. Nyumba ya watu ina mwenyewe.

Kwa Mwislamu ukingo una jambo jingine zito zaidi: sijida. Paji la uso lazima liguse chini, na kofia yenye ukingo inazuia. Hili limewahi kutikisa dola nzima. Mwaka 1829 Sultani Mahmud wa Pili wa Uthmaniya aliamuru watumishi wake wavae tarbushi, kofia ile nyekundu yenye shada jeusi, na hoja mojawapo ya kuikubali ilikuwa kwamba mtu anaweza kusujudu nayo. Pwani yetu nayo iliijua tarbushi. Askari wa Keya, jeshi la Waingereza enzi za ukoloni, waliivaa, na katika picha za zamani za Unguja utaiona kwenye vichwa vya waungwana. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1925, Rais Mustafa Kemal akaipiga marufuku Uturuki kwa sheria na kuwataka wanaume wavae kofia ya Kizungu yenye ukingo. Watu walifungwa, na wako waliohukumiwa kifo kwa kuipinga. Wengine wakavaa kofia bapa yenye mdomo, wakati wa sala wakaugeuza mdomo nyuma. Ninapomwona kijana msikitini Tanga ameingia na kapelo, akaigeuza mdomo kisogoni kabla ya takbira, simkunjii uso. Amefanya kile walichofanya wazee wa Uturuki.

Wala mtu asiseme kofia ni nguzo. Sala ya mwanamume inasihi bila kofia, na kuna mahali ambapo kofia yenyewe ni haramu. Baba alipokwenda Hija alirudi na maneno machache, lakini hilo la kichwa alilirudia. Mwanamume aliyehirimia hafuniki kichwa. Mwavuli anaruhusiwa, kofia hapana. "Tangu nibaleghe," aliniambia, "sikuwahi kusimama kichwa wazi mbele ya watu. Pale Arafa tulikuwa hivyo sote, nami nikalisikia jua kichwani kama mkono wa mtu." Alijigusa utosini aliposema hivyo. Alipokwisha kunyoa na kutoka katika ihramu, alivaa kofia, akaona imemlegea, kwa kuwa nywele zilizoijaza hazipo.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Miaka yote ya kazi alifundisha na suti ya Kaunda, kofia ameikunja mfukoni. Kofia ya mkono ina faida hiyo, inalala bapa kama barua. Adhuhuri aliitoa, akasali, akairudisha. Hakulalamika. Alisema kazi ina vazi lake. Siku aliyostaafu alivaa kanzu na kofia, na tangu hapo sikumwona tena na suruali. Alikuwa amerithi kofia ya mwisho aliyoishona bibi, na faruma.

Mwaka 2012 nilimsindikiza Dar es Salaam kufuatilia mafao yake katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili. Saa tano tukaitwa. Nyuma ya meza alikuwa kijana mwenye umri wa mwanangu wa kwanza, shati limepigwa pasi vizuri. Baba akatoa salamu. Kijana hakuinua uso, alinyoosha kalamu kuelekea kichwani kwa baba akasema, "Mzee, kofia. Hapa ni ofisini."

Baba alisimama kidogo. Kisha akainua mikono yote miwili, kama babu alivyokuwa akifanya usiku, akaivua. Aliikunja mara moja kwa urefu, akaitia katika mfuko wa kanzu. Kwenye paji lake la uso palikuwa na mstari, mahali ukanda unapokaa; chini ya mstari ngozi nyeusi iliyoungua jua, juu yake ngozi nyororo yenye rangi ya mtoto, na mvi chache zimelala kwa jasho. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma yake, nikimtazama utosi baba yangu mbele ya safu ya watu wasiomjua. Aliweka kiganja juu ya kichwa, akakishusha, akakiweka tena. Hakujua mkono aupeleke wapi.

Nami sikusema neno. Nilihofia faili litarudi chini ya rundo. Nimeandika mengi katika blogu hii, lakini sijawahi kuandika jambo lililonikaa kooni kama ukimya ule.

Tulipotoka baba hakuivaa mpaka tukavuka barabara. Akasema, "Kijana hana kosa. Ndivyo alivyofundishwa." Na ni kweli alifundishwa. Alifundishwa kwamba ofisi ni sebule ya babu Magila. Lakini nchi hii Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyehudhuria misa karibu kila siku, tunamwona katika picha kadhaa amevaa kofia yetu mbele ya umma na hakuna aliyedhani amekosa adabu. Mzee Mwinyi alivaa kofia mpaka mwisho wa uhai wake, mwaka 2024. Kofia hiyohiyo ilivuka bahari. Waomani waliotoka Zanzibar, hasa waliorudi Oman baada ya mwaka 1970, walikwenda nayo Muscat, huko inaitwa kumma, na leo ni sehemu ya vazi la taifa lao. Binamu yangu anayefanya kazi huko ananiambia kumma ni ya sokoni na barazani, lakini kwenye ofisi ya serikali mtu huenda amefunga kilemba. Kwenda kichwa wazi ndiko kungemponza. Hata askari polisi wetu hapa, ukimtazama vizuri, bila kofia hapigi saluti ya mkono, husimama wima tu. Kichwa kilichofunikwa ndicho kinachotoa heshima ya serikali, ndani ya ofisi za serikali hizohizo.

Ziko sehemu ambapo amri ina sababu, na niseme haki. Benki wanakutaka uvue kapelo na miwani ya jua kwa kuwa kamera inatafuta uso, na kapelo inaficha uso. Picha ya pasipoti vivyo hivyo, ingawa hata huko vazi la dini huachwa ilimradi uso uonekane wote. Mzula wa sufu ulioshushwa hadi nyusi, mbele ya mama mkwe, uvue bila kuambiwa. Kapelo mezani, uvue. Helmeti ya bodaboda, uvue kabla hujabisha hodi. Mwenye nyumba hajui wewe ni nani. Vijana wangu nawaambia hivi: unayezungumza naye akilazimika kuinama kuyatafuta macho yako, hiyo kofia imekosea mahali.

Na ukifika mahali usipopajua, simama kizingitini utazame vichwa vya waliotangulia. Mjomba wangu wa Magila alifanya hivyo siku tuliyomzika baba, Pangani, mwaka 2019. Alikuja na pama, mrithi wa ile ya kijivu. Makaburini kila mwanamume alikuwa na kofia. Mjomba alitazama, akaona, akasita. Mkono ulikwenda kwenye pama, ukashuka, ukaenda tena. Mwishowe aliivua, akaishika kwa mkono wa kushoto, ukingo ukigusa kifua, akasimama kichwa wazi katikati ya kofia nyeupe zaidi ya 100. Ami yangu alikuwa amekwisha kutoa kofia ya akiba mfukoni ampelekee. Alipiga hatua tatu nne. Akaona jinsi mjomba alivyoishika ile pama. Akasimama, akaikunja kofia, akairudisha mfukoni, akaenda kusimama pembeni yake, bega kwa bega, mpaka udongo ulipokwisha kutiwa.

Baba alizikwa na sanda yake, na kofia ikabaki. Mama aliifua siku ya saba, akaivisha kwenye faruma, akanipa. Kichwa changu ni kikubwa kidogo kuliko cha baba, kwa hiyo inakaa juu, lakini inakaa.

Mwaka uliofuata nilirudi katika ofisi ile kwa mambo ya mirathi. Kulikuwa na karatasi mpya ukutani: zima simu, vua kofia, vua miwani ya jua. Nilikuwa na kanzu na kofia ya viua. Aliyeniita safari hii alikuwa mama mmoja, miwani imening'inia kifuani. Alinitazama kichwani, akaitazama karatasi ukutani, akafungua kinywa. Nikamwahi. Nikamwambia, "Mama, hii si ya jua, ni ya kanzu. Na ni ya huyu mwenye faili." Nilikuwa natetemeka sauti, mtu mzima wa miaka 50.

Alilivuta faili, akalifunua ukurasa wa kwanza, palipobandikwa picha ya pasipoti ya baba. Baba alikuwa amevaa kofia. Mama yule akatazama picha, akanitazama mimi, akatazama picha tena, kwa muda mrefu, akiangalia ule mbonyeo wa mbele.

"Keti," akasema. "Cheti cha kifo umekuja nacho?"